Kwa Nsimire, Kabla Umeme Haujakatika

Nsimire, umeniletea jaribio moja
refu kama foleni ya maji Kadutu mwezi wa Julai.
Linawasha seva, linafungua hifadhidata,
linahesabu michango ya akina mama kumi na saba,
linagawa faida, linatuma ujumbe kwenye simu ya mtu,
kisha linakaa kusubiri mtandao ujibu.
Jana usiku lilianguka.
Nikauliza, kimevunjika nini?
Ukatazama dirishani, Nguba yote giza,
ukasema: labda umeme.

Labda.
Jaribio linalojibu labda halijajibu.

Mama yangu, M'Cirhuza, alibadilisha pesa Nyawera
miaka kumi na minane, kwenye kiti cha plastiki
kilichofungwa mguu mmoja kwa waya.
Hakupima bunda. Bunda huficha mwizi katikati ya waungwana.
Alivuta noti moja,
akaipitishia dole gumba, akaiinua kwenye jua,
akatafuta mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga,
maana hapa kwetu dola iliyochanika kidogo
si dola tena, ni karatasi yenye picha.
Noti ya pili hakuiuliza habari za ya kwanza.
Mvua inyeshe, waziri apite na ving'ora,
jibu la noti ile lilikuwa lile lile.
Na alipoirudisha hakusema, "Ina kasoro."
Alisema, "Kona ya juu, kushoto,"
na mwenyewe akajua pa kutazama.

Kwa hiyo usiliite "jaribio_la_7".
Liite aliyechelewa_siku_moja_halipi_faini_mbili.
Ndiyo, ni refu. Litakapoanguka saa nane ya usiku
utashukuru kwamba linajua kusema.

Anza na dola mia kwa wanawake watatu.
Thelathini na tatu na senti thelathini na tatu,
mara tatu. Imebaki senti moja. Ya nani?
Programu yako iliimeza, ikajifuta mdomo.
Senti si kitu, ulisema.
Kamwambie hivyo Nabintu, anayeuza sambaza kwa kopo
na huongeza samaki mmoja juu, mmoja tu,
na mteja humwona akiongeza.

Ipe sifuri. Ipe kikundi kisicho na mtu.
Ipe jina la mama yangu, pamoja na ritifaa yake,
alama ile ndogo baada ya M
iliyoangusha fomu yetu ya kwanza mbele ya wageni.
Na saa usiiazime ukutani:
iwekee programu tarehe mkononi,
la sivyo jaribio litapita, litapita, litapita
hadi tarehe thelathini na moja,
life lenyewe, hakuna aliyeligusa.

Hili la mwisho sikulisoma popote.
Nilikuwa na miaka tisa. Mama alichana noti kwa siri
akanipa nipime. Nikasema, nzuri,
kwa sababu ilitoka mkononi mwake.
Hakunipiga. Alinirudishia, akanirudishia tena,
mpaka kidole chenyewe kikakwama kwenye ule mpasuko
nikaona haya mpaka masikio yakawaka.
Basi, vunja hesabu yako kwa makusudi.
Geuza jumlisha iwe toa, uone kama kuna atakayepiga kelele.
Jaribio ambalo hujawahi kuliona likikataa
ni mlinzi aliyelala, tochi inawaka.

Betri imebaki asilimia kumi na moja.
Ulilikata lile refu likawa arobaini, mafupi,
hayahitaji seva wala mtandao wala huruma ya mtu.
Bonyeza.
Sekunde mbili, hata feni haikuwahi kulalamika.
Thelathini na tisa kijani.
Moja jekundu: senti_ya_mwisho_ina_mwenyewe.

Usinune, Nsimire.
Sogeza kiti. Sasa tunajua kona gani.