Shati la Shalva

Flashi yangu ni mtumba, ina ufa kwenye kioo,
na ikiwaka peke yake haina adabu:
humvamia mtu usoni kama askari wa mpakani,
huyapaka mashavu chokaa, na nyuma yake ukutani
huchora mtu wa pili, mweusi, anayemnyatia.
Tsiala aliitazama picha, akanirudishia kamera.
"Huyu si mimi. Huyu ni maiti aliyeniibia hereni."

Na picha yenyewe ni ya kaburi.
Fundi wa mawe anaingoja. Upande wa kushoto wa jiwe
Shalva ameshachongwa, na masharubu yake;
upande wa kulia ni mtupu miaka sita sasa,
unang'aa, unamngoja mkewe bila haraka.

Basi nikaingia jikoni kwake kuitafutia taa adabu.

Chupa ya maziwa niliikata kitako kwa kisu cha mkate,
nikaivalisha flashi kama kofia ya mtoto mchanga.
Nuru ikatawanyika, ikapanda darini, ikashuka;
lakini dari ya orofa ya saba, hapa Chiatura,
imekula moshi wa kuni tangu umeme ulipokuwa wa bahati,
ikaturudishia mwanga wa rangi ya chai.
"Sasa nina homa ya manjano," akasema.

Nikachukua boksi la viatu. Ndani nikabandika foili
iliyofunika mkate wa jibini wa jana, bado ina mafuta pembeni;
mdomoni nikatandaza karatasi ya kuokea,
nikazungusha mkanda wa gundi, nikiukata kwa meno.
Afadhali. Pua ilipata ubavu, kidevu kikapata chini.
Lakini boksi ni dogo, na uso una miaka themanini na mmoja,
kila kunyanzi likawa korongo.

Kosa nililijua. Nuru hailainiki kwa huruma,
hulainika kwa upana.
Jua, na ukubwa wake wote, kwa huku tuliko ni nukta,
ndiyo maana hukata;
livishe wingu, mbingu nzima inakuwa taa.

"Nataka wingu," nikamwambia. "Jeupe, pana, jepesi."
Mapazia yake ni ya kijani. Mashuka yana maua.
Dirishani kikapita kigari kinachoning'inia kwenye waya,
ndani yake mwanamke mmoja na ndoo.
Tsiala akanyanyuka. Nikasikia kabati likilalamika.

Shati la pamba. Kola imegeuzwa mara mbili,
kifungo cha tatu hakipo.
"La sherehe hili. Nilitaka kumzika nalo, alikataa.
Alisema chini kuna baridi, anaijua, amechimba manganizi miaka thelathini.
Akaenda na sweta."

Nikafunga kamba toka dirishani hadi mpini wa friji,
nikalitundika, mikono nikaitandaza kwa vibanio.
Flashi nikaiweka nyuma, hatua moja na nusu,
ili mwanga ufike umeshapanuka.
Nikabonyeza.

Kwa sehemu ndogo ya sekunde
shati likajaa mtu.

Nuru haikumpiga. Ilipita kwenye makunyanzi yake
bila kuyafuta, bila kujikwaa,
kama mwenye nyumba anayetembea gizani.
Naye hakuitazama kamera.
"Tena," akasema.
Nikapiga kumi na moja, betri zikachoka kabla yake.

Shati alilikunja mwenyewe. Boksi nikalitupa;
chupa aliniomba nimwachie, aoteshee vitunguu.

Usiku, nyumbani, nikaikuza picha ya tisa
mpaka jicho likajaa skrini.
Katikati ya mboni, palipo na ile cheche
inayofanya macho yawe hai,
pana shati. Dogo, jeupe, mikono wazi.
Jicho la pili pia.

Asubuhi nimempigia simu fundi wa mawe.
Nimemuuliza patasi yake ndogo kabisa
ina upana gani.