Mgeni wa Papa

Bi Sekela wa Mwanjelwa aliniuzia chewa
aliyepanda Kitonga usiku, ubavu juu ya barafu,
akapita Makambako kwenye baridi ya kufanana na yake.
"Jicho lake bado, mwalimu. Mwone."
Nikamwona. Nikatoa pesa ya vocha na ya mkaa,
nikamfunga gazetini, nikashuka naye Tukuyu.

Maabara yetu ina hadubini moja,
kioo chake kina ufa kama njia ya siafu,
na dirisha linalokaribisha ukungu bila kuombwa.
Kidato cha Tatu, thelathini na wanane, masweta ya kijani:
hakuna aliyewahi kuona bahari.
Nami, niseme kweli, niliiona mara moja,
siku ya usaili, kupitia tundu la ukuta wa bandari.

Tukaanza na yavuyavu.
Hapo, bapa kama ukucha wa kichanga,
mnyoo ameng'ang'ania kwa kulabu za mkiani.
Huyu hana safari, nikawaambia.
Anaanguliwa, anaogelea saa chache,
anampata samaki mmoja, anashika, basi.
Kama mjomba wangu wa Kiwira na migomba yake.

Wa utumboni alionekana ana vinywa viwili,
kumbe kimoja cha kula, kingine cha kushikilia.
Yai moja liliingia kwa konokono,
humo wakatoka mia, wote yeye,
kila mmoja na mkia,
na mkia wakautupa mlangoni mwa samaki
kama sare ya shule uliyohama.
(Mimi nimehama tano. Ya sita, barua iko Dodoma.)

Halafu Lugano akapasua mnofu.
"Mwalimu, huyu amekula mchele wa Kyela!"
Punje nyeupe, moja, mbili, saba.
Tukaibana moja kati ya vioo.
Ikafunguka taratibu,
ikatoa minyiri minne
iliyojaa miiba, safu kwa safu,
na siku zote zile za barafu, bado ikajinyoosha.

Hana utumbo. Hana jicho.
Alimezwa na kidudu sawa na chembe ya pilipili manga,
kidudu akaliwa na dagaa, dagaa akaliwa na chewa,
na ndani ya chewa akajikunja, akangoja.
"Anamngoja nani?"
Papa. Tumboni mwa papa ndimo atakapokua,
awe mume, awe mke, pingili kwa pingili,
ataage mayai yarudi majini.

Kimya. Mvua ikaanza juu ya bati.
Anyosisye, ambaye haulizi kitu mwaka mzima,
akauliza: "Na hajui kwamba papa hafiki Tukuyu?"

Sikuwa na jibu la mtaala.
Nilisema tu kwamba moto unamuua,
kwamba aliyepikwa vizuri hamdhuru mtu.
Tumpe wa jikoni akamkaanga kwa kitunguu na ndimu,
vipande thelathini na tisa, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti.
Wengine walikula wamefumba macho.

Jumatatu nikasahihisha madaftari.
Palipotakiwa mchoro wa mzunguko wa maisha,
Anyosisye hakuchora. Aliandika:

Dagaa akanitwaa, nikalala mwake ndani,
Chewa naye kwa hadaa, kammeza bila soni,
Sasa barafu yang'aa, nimefika milimani,
Papa, bado nimekaa, u wapi, nije mwilini?

Nikasoma mara mbili, taa ikipepesa.
Nikamkumbuka mwanamke wa Ipinda aliyeninyonyesha
miezi minne, mama alipokuwa wodini,
kabla ya bibi, kabla ya shangazi wa Chimala,
kabla ya mabweni yote. Jina lake sikuambiwa.

Nikampa tisa kwa kumi.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
Kabla ya dagaa kulikuwa na kidudu.
Umemsahau wa kwanza.