Mizani ya Jengo la 107

Saa moja jioni wanashuka na vindoo vyao,
vifuniko vimebanwa, nyuso zimegeuzwa upande,
maana hata aliyepika vizuri
huona haya mbele ya alichobakiza.

Mashine huwapokea kwa sauti ya mwanamke wa benki:
karibu, weka kadi. Mdomo unafunguka.
Gramu mia tisa. Gramu elfu moja na mia mbili.
Asante, utatozwa mwisho wa mwezi.

Mimi ni Pyo, mlinzi, mfagiaji, mwamuzi wa maganda.
Ganda la kitunguu si chakula, nawaambia,
wala kombe la chaza, wala mfupa, wala kokwa la pichi;
kinachomshinda nguruwe kiende kwenye mfuko wa manispaa.
Wananiitikia ndiyo, ndiyo,
na Jumanne nafukua makombe kumi na saba kwa mikono yangu.

Miaka thelathini nilihesabu boliti kiwandani Changwon.
Siku hizi nasoma nyumba.
Wa 302 wanajikondesha: wali mtupu, haujaguswa.
Wa 806 wamegombana: samaki mzima, na macho yake.

Bi Malsun wa 1104
(jina lake maana yake binti wa mwisho,
baba aliomba iwe hivyo, wakaja wengine wawili)
alifiwa na mumewe Desemba, theluji imefika magotini.
Nikasema mzigo wake utapungua.
Watu wawili, ondoa mmoja,
hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza.

Haukupungua. Ulipanda.
Kila jioni kilo moja kasoro kidogo:
wali, mchuzi wa soya, figili iliyokatwa kwa ustadi,
vyote vimeshika umbo la bakuli
kama vilivyopakuliwa.

Nilielewa wiki ya tatu. Sikusema.
Nani atamwambia mjane
kwamba kilio chake kinatozwa kwa gramu?

Machi, kadi yake ikanyamaza.
Siku moja. Siku mbili. Ya nne nikapanda,
lifti iko kwenye matengenezo, ghorofa kumi na moja,
moyo ukabisha hodi kabla ya mkono.

Akafungua. Mikono myeusi hadi viwikoni.
"Bwana Pyo, usikanyage hapo."
Roshanini, ndoo tatu za rangi zilizotobolewa matundu,
pumba za mpunga, majani makavu aliyoyaokota bustanini,
na harufu. Nilijiandaa kuziba pua.
Ilikuwa harufu ya msitu uliokwisha kunyeshewa.

"Miezi mitatu nampakulia," alisema,
bila kuniangalia, anakamua kabichi ya chachu
aliyoisuuza chumvi chini ya bomba.
"Namsubiri mpaka mchuzi unaganda,
kisha nambeba, nashuka naye, namtupa.
Kila siku nazika mtu kwenye mashine
inayosema asante.
Juzi nimechoka kushukuriwa."

Akaikatakata kabichi, akaitandaza, akaifunika pumba
polepole, kama anayemvutia mgonjwa blanketi.

Nikakosa la kusema, nikauliza la kazi:
maganda ya mayai je?
"Nayasaga."
Na ya kitunguu?
"Huoza, Bwana Pyo. Ukiyapa muda.
Huyo nguruwe wako ndiye asiyejua kula."

Bado anapika kwa watu wawili; mkono umezoea
kiasi hicho cha mchele, na mkono haufundishiki upya.
Bakuli la pili sasa linashuka kibandani kwangu
likiwa la moto, limefunikwa sahani.
Ninalirudisha limekombwa.

Wa 806 amekuja kuuliza zinapouzwa pumba.
Wa 302 bado ananitupia makombe.

Mwisho wa Mei, ankara ya 1104 ilitoka na sifuri.
Ofisi ikanipigia simu: yule bibi yu hai kweli?
Nikachelewa kujibu.
Nilikuwa natafuna figili yake,
iliyochipukia kwenye ndoo ya kwanza,
kali,
machozi yananitoka.