Sifa za Uvuguvugu

Mchungaji alisema Jumapili, jasho likimtiririka:
aliye vuguvugu atatapikwa.
Niliinamisha kichwa. Mfukoni nina kipimajoto,
nacho kinasema ishirini na nne.

Ndiyo maji tunayoyavuta chini ya ziwa, mbele ya Igogo,
gizani anamolala sangara.
Hayagandishi kidole, hayaivishi hata yai.
Hupanda mlima ndani ya bomba nene kama paja,
yakipenya kati ya jabali na jabali
kama mgeni anayeomba njia.

Nawe uyajue majabali yetu: yana kinyongo.
Mchana kutwa humeza jua,
usiku hulitapika ukutani, kitandani, kwenye mto.
Nyumba ya Mbuke imeegemea mojawapo;
wanawe walilala nje juu ya khanga zilizoloweshwa.
Tulipofungua valvu aliuwekea ukuta kiganja,
vile apimavyo mtoto mwenye homa.
Hakutushukuru. Alisema,
"Leo jiwe limenyamaza."

Lakini joto halifi. Linahama.
Maji hushuka yakiwa ishirini na tisa,
yamebeba joto la Mbuke, la pasi za fundi Masanyiwa,
la mashine ya barafu ya Ng'wandu
ambayo zamani ilimpumulia usoni muuza nyanya
hadi nyanya zikalainika kabla ya saa nne.
Barafu nayo hutoka jasho;
hatukuwa tumelitafutia kazi.

Zahanati hulikamua mara ya mwisho
likafika thelathini na nane.
Muuguzi Editruda huchovya kiwiko, huitikia kwa kichwa,
na mtoto wa saa mbili huogeshwa
kwa jasho la barafu.
Analia vilevile.

Mzee Lugembe alikataa.
"Maji yapite uani kwangu, nisiyanywe?"
Nikamwambia haya si ya kunywa, ni ya kupokezana.
"Kufa kufaana," akasema, "na mimi sijafa."
Tukauzunguka ua wake: viwiko vinne vya bomba,
siku kumi na moja za kupasua mwamba,
mkewe akituletea uji bila kumtazama mumewe.

Umeme ukikatika, pampu hunyamaza
na majabali huanza tena kusema.
Hapo watu wote hulijua jina langu,
hulitaja pamoja na la mama yangu.

Siku nyingine hakuna anayeniita.
Alfajiri nashuka na bomba, mkono juu yake,
kiwiko hadi kiwiko,
na kiganja changu hakihisi kitu,
si moto, si baridi.
Nasimama. Natega sikio.
Yanapita.