Komeo la Ndani

Bafu la bweni letu, Kongwa, halikuwa na milango.
Mabomba sita, sakafu ya saruji, upepo wa Julai
unaoingia bila hodi.
Wasichana arobaini na ndoo zao,
wakicheka, wakimwagiana, wamevaa povu tu.

Sikuwaona wakosefu. Niliwaonea wivu.

Tumbo langu liliunguzwa na uji wa uwele
nikiwa na miaka mitatu; ngozi ikajikunja
kama tope la korongo mvua ikishakatika.
Basi nikaamka saa tisa usiku, nikaoga na khanga,
khanga ikaninata, ikachora kila nilichokificha.

Usiku mmoja nikamkuta Sechelela,
mwili mzima, hauna hata alama ya chanjo.
"Na wewe unaficha nini?"
"Nimechoka kusifiwa," akasema.
Tukapokezana migongo kwa dodoki moja.
Maji yalikuwa baridi hadi kwenye meno.

Bibi yangu alicheza ngoma kifua wazi, shanga shingoni,
wala hakujiona uchi
hadi mgeni alipoinua kamera.

Leo nimo kwenye kamati ya shule.
Mwenyekiti anasema: wao kwa wao, aibu ya nini?
Siyo aibu, mheshimiwa.
Wapo watakaouacha wazi, waucheke upepo.
Yupo mmoja wa saa tisa usiku.

Nimeandika kwenye bajeti: milango sita,
bawaba kumi na mbili,
na makomeo — hapo nimepigia mstari —
upande wa ndani.