Nyumba Rahisi

Niliinunua kwa bei ya gari kuukuu:
orofa mbili, tofali jekundu, ya mwaka elfu moja mia tisa na nane,
Barabara ya Penniman, kaskazini mwa St. Louis.
Dalali alishusha sauti alipoutaja mtaa,
kama mtu anayetaja ugonjwa mbele ya mgonjwa.
"Rahisi," akasema.
Nami sikumuuliza rahisi ipi,
ya bei au ya kazi.

Ya kazi sijaiona.

Baridi ya kwanza, boila likagoma.
Nililala na koti, soksi tatu tatu,
mabomba yakigonga usiku kucha
kama mtu aliyefungiwa stoo na analijua jina langu.
Fundi Lucius Bankhead alishuka chini na tochi,
akapanda na masizi puani, akicheka:
"Hili limezika mafundi wanne. Mimi sitaki kuwa wa tano."
Akalitengeneza. Akachukua nusu tu ya malipo,
kwa kuwa alizaliwa, alisema, nyumba ya tatu kutoka hapa,
pale penye nyasi.

Penye nyasi: ndivyo tunavyoelekezana.
Kata kushoto kwenye nyasi za akina Pettiford,
pita nyasi zilizokuwa duka la dawa,
ukiona ngazi tatu za mawe zinazopanda kwenda hewani,
umefika kwangu.

Ozella Crump wa ng'ambo alinitazama wiki tatu bila salamu.
Siku ya ishirini na mbili akavuka na kandambili zake,
theluji hiyo,
"Umekuja kukaa, au umekuja kupaka rangi uuze?"
Nimekuja kukaa, nikasema.
"Wote husema hivyo."
Akaniazima koleo.

Nikabandua karatasi za ukutani.
Chini ya mawaridi, mistari ya kijani;
chini ya mistari, farasi wadogo wadogo;
chini ya farasi, plasta, na unywele mmoja ndani yake.
Na kwenye mlango wa stoo ya jikoni, penseli:
Roscoe, Juni. Roscoe, Juni. Roscoe, Juni,
akipanda inchi kwa inchi hadi usawa wa bega langu,
halafu basi.
Nilikaa na hilo "basi" siku kadhaa
kabla ya kumuuliza Ozella.
"Alihamia Oakland," akasema. "Wewe ulidhani nini?"
Nikaona haya kwa nilichodhani.

Barua huja kila Alhamisi,
mwandiko wa mashine unaojifanya wa mkono:
*Jirani mpendwa, tutainunua nyumba yako,
taslimu, kama ilivyo.*
Kama ilivyo!
Hata mimi sijui ilivyo, nami nalala humo.

Aprili, nyumba tupu ya pembeni ikawaka.
Hakuna aliyestaajabu.
Moto hula mbao, maji ya zimamoto hulegeza chokaa,
na kabla ya alfajiri pikapu zinarudi nyuma taratibu,
taa zimezimwa.
Tofali letu husafiri.
Huenda kupamba ukuta wa baa katika miji
ambayo hakuna hapa aliyewahi kualikwa.
Huku lilikuwa kuukuu.
Kule ni la kale, na lina bei.

Safari hii Ozella alisimama barabarani na gauni la kulalia,
tochi mkononi, akisoma namba za magari kwa sauti,
polepole, kama anaita mahudhurio ya darasa.
Wakaondoka na nusu.
Sisi watatu tukaokota yaliyobaki:
mia moja na kumi na moja, na vipande.
Yamepangwa barazani kwangu. Sijui ya nini.
Lucius anasema tanuri. Ozella amechukua sita
kuzungushia vitunguu vyake, hakuomba.

Mama yangu alikuwa akisema rahisi huvunja upishi.
Labda. Mimi bado napika.

Jana usiku boila liligonga.
Nikashuka pekupeku na spana,
nami nikaligonga, mara mbili.
Kimya.
Kisha joto, likipanda ngazi mbele yangu
kama mwenyeji.