Nambari ya Odera

Kampuni ya simu haikuuliza mtu.
Laini ilikaa kimya miezi kadhaa, ikafutwa,
ikatiwa kwenye kadi mpya, ikauzwa Mumias
kwa kijana anayekata miwa.
Kisha Jumapili moja, baada ya misa, Mama akapiga.

Alijua Odera hayupo. Alimzika mwenyewe
kule Rabuor, mvua ikipiga mabati ya jirani.
Hakuwa akitafuta jibu. Alipenda tu
ile sauti ya mashine ikisema mteja hapatikani:
hapatikani, neno lililoachwa wazi kidogo, kama mlango.
Ila safari hii ikaita.
Na mtu akasema, "Haloo?"

Mimi nilikuwa kazini Kondele,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
siku ya tisa nikiwinda kosa moja katika kiini cha mfumo.
Seva haikuwa ikianguka. Laiti ingeanguka!
Kinachoanguka huacha maiti, na maiti hupasuliwa.
Hii ilikuwa inajibu.
Uzi mmoja unabisha kwenye anwani ya zamani,
na anwani inaitika kwa adabu, kwa sauti ya mpangaji mpya:
salio la mtu, jina la mtu,
si yule.

"Samahani, mama," kijana alisema, "mimi naitwa Makokha.
Laini hii nimeinunua mwezi jana."
Mama akamwomba radhi. Akamuuliza kama amekula.

Usiku ule nikaliona.
Mwandishi alifuta upesi mno.
Alibandika ukurasa mpya, sawa,
akageuza kielekezi, sawa, kila mgeni akasoma upya;
lakini walikuwapo walioingia kabla,
kidole bado kiko juu ya mstari wa kale,
naye akaurudisha mstari ghalani
na ghala likaugawa.

Dawa si kufuli. Ukifunga mlango kila anaposoma mtu,
vichakataji sitini na vinne vitapanga foleni
kama mitungi ya Nyalenda bomba likikauka.
Dawa ni kungoja.
Acha cha kale kikae pembeni, hakimkosei mtu.
Subiri kila kichakataji kipumue mara moja,
kiseme: nimepita, mkononi sina kitu.
Wa mwisho akishasema, ndipo ufute.
Muda huo sisi tunauita wa neema,
na sijui nani alilichagua neno hilo, wala alifiwa na nani.

Nikaandika mistari kumi na minne. Nikajaribu. Ikashika.

Lakini neema nayo ina makali yake.
Msomaji mmoja asipotoka,
vya kale vinarundikana, kumbukumbu inajaa,
na baada ya sekunde ishirini na moja kiini huanza kulalamika,
kikimtaja aliyekwama.
Sekunde ishirini na moja!
Mama ana mwaka na nusu.

Nilifika nyumbani Migosi alfajiri.
Simu yake ilikuwa mezani, kando ya chupa ya chai,
na kwenye orodha: Odera.
Chini kidogo, kwa herufi kubwa tupu: MAKOKHA WA MUMIAS.
Nambari ile ile.
Majina mawili, anwani moja.
Kazini ningeliita hilo kosa, ningelifungulia faili.

Nikaishika. Kidole changu kilikuwa juu ya jina la kwanza
niliposikia ndara zake uani, na kuku wakimfuata.

"Unasoma nini?"
"Hakuna."
"Basi iweke chini. Bado naitumia."